Siku Niliyokwenda Gerezani kwa Hiari

Kumbikumbi wa kwanza alitua kwenye boneti. Wa pili akaja juu ya paa, wa tatu akajipenyeza dirisha la dereva, na nilipokimbilia swichi ya taa ya barazani walikuwa wameshafika wanane, mabawa yametandazwa, miguu imenasa kwenye rangi ya kijani niliyotoka kuipuliza dakika tano nyuma. Land Rover yangu ya mia na tisa, kwa kipimo cha moja kwa 24, haifiki sentimita 19 kutoka bampa hadi bampa. Niliitengeneza kwa miezi minne, kwa mabati ya makopo ya maziwa ya unga na masalia ya plastiki za mabango. Sasa ilikuwa imeota mbawa.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshaanza hapa Morogoro. Kiangazi nacho kilikuwa na shida yake, vumbi. Kwa hiyo nikahamia ndani, chumba cha akiba, dirisha wazi, barakoa ya kitambaa puani, na eabrashi yangu mkononi: kalamu ya chuma yenye tundu la milimita 0.3, ukibonyeza kitufe inatoa hewa, ukikivuta nyuma inatoa rangi. Siku ya tatu mke wangu aliweka sahani mezani, akainama, akanusa.

"Baba watoto, leo hata wali una thina."

Nikajaribu ujanja. Nilitoboa boksi la televisheni kwa nyuma, nikaegesha feni ya mezani kwenye tundu ili ivute ukungu wa rangi na kuutupa dirishani. Feni ya mezani haikuumbwa kuvuta. Ilizungusha ukungu uleule chumbani, ikajipaka yenyewe mapanga yote matatu. Mpaka leo tunayo, inapepea sebuleni kwa rangi ya kijani cha jeshi, na mwenye feni hajasahau kwamba ilikuwa nyeupe.

Ndipo nikaamua kutafuta kibanda cha kupulizia rangi, kidogo, cha kukaa juu ya meza. Morogoro niliuliza kwenye maduka ya rangi na ya umeme, kila mmoja akanielekeza kwa mwenzake. Wa mwisho akaniambia kitu cha namna hiyo nitakipata Kariakoo, Dar es Salaam, kikiwa tayari, na kisipokuwepo basi nivuke hadi kwa mafundi wa Gerezani, watanitengenezea.

Ijumaa jioni mama mkwe alipiga simu. Nikamsikia mke wangu akimwambia, "Mwenzangu kesho alfajiri anakwenda Gerezani." Kikapita kimya. Halafu sauti ya mama ikapanda mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikaisikia: "Amefanya nini tena?"

Dar es Salaam nimeshakwenda mara nyingi, kwa misiba, kwa harusi na kwa mitihani ya uhasibu. Gerezani sikuwahi kushuka. Na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, nilikuwa nikiisikia tu ikipita. Nililipa shilingi 13,000, daraja la kawaida, nikakaa dirishani na daftari langu. Aliyezoea basi, na Chalinze yake, na Mlandizi, na ile foleni ya kuanzia Kibaha inayokufanya ushuke Mbezi umezeeka, atanielewa nikisema kwamba saa nzima nilikuwa nangoja safari ianze kuwa ngumu. Ngerengere ikapita. Ruvu ikapita. Kalamu haikutetereka.

Nilikuwa nachora na kupiga hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi. Mdomo wa kibanda unatakiwa uvute hewa kwa mwendo wa kama nusu mita kwa sekunde, usawa wote wa mdomo. Pungufu ya hapo ukungu wa rangi unageuka na kukurudia usoni; ukizidisha sana, unanyang'anya rangi kabla haijafika kwenye gari. Mimi nilitaka mdomo wa sentimita 60 kwa 45. Hiyo ni mita ya mraba 0.27. Zidisha kwa nusu mita, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata kama mita za ujazo 490 za hewa kwa saa. Nikaipigia mstari mara mbili, kama jumla ya mizania.

Bibi mmoja aliyepanda nami Morogoro, khanga mbili na kikapu cha maparachichi, alikuwa anaangalia mchoro wangu tangu tuondoke.

"Mjukuu wangu, hilo ni jeneza?"

"Hapana bibi. Ni kama kabati. Unaweka kitu ndani, unakipaka rangi, moshi wake unavutwa nje."

Akafikiri. "Basi hilo si kabati. Hiyo ni dohani."

Nikacheka, nikaendelea kuchora kabati langu.

Stesheni ya Dar iko karibu na Gerezani kiasi kwamba ningeweza kuokoa nusu siku kama ningeelekea huko moja kwa moja. Lakini mtu akishaambiwa kuna kitu kiko tayari dukani, miguu inamwelekea dukani. Nikaingia Kariakoo. Baada ya maduka matano nikakipata: kibanda cha plastiki kinachokunjwa kama mkoba, taa ndani, feni mbili ndogo nyuma, kichujio cha sponji, na bomba la kukunjana kama kodiani lenye upana wa sentimita 10. Boksi lilisema kinavuta mita za ujazo 4 kwa dakika. Kijana wa dukani akakiwasha, akaweka karatasi ya tishu mbele ya kichujio. Tishu ikanata.

"Unaona mzee? Inavuta hiyo."

Nilikaribia kutoa pesa. Mita 4 kwa dakika ni 240 kwa saa, na mdomo wake mdogo ulihitaji kama 260, kwa hiyo kwenye karatasi hakikuwa mbali. Lakini hesabu ya boksi ni ya feni iliyo huru. Ukishaweka sponji mbele, bomba jembamba nyuma, na kona ya kwenda dirishani, hesabu inabaki kwenye boksi. Kilichonirudisha nyuma zaidi ni kwamba mota zote mbili zilikuwa zimekaa katikati ya njia ya hewa. Mwenye kupaka vinyago vyake kwa rangi ya maji hana neno. Mimi natumia rangi ya thina, na pengine za kopo, ambazo nyingi zinasukumwa na gesi za jamii ya ile ya kupikia. Mvuke wa thina kukutana na cheche ya mota ndani ya sanduku la plastiki, mbele ya uso wako: hilo sikuhitaji daftari.

Nikamuuliza kijana kama kuna kikubwa zaidi. Akanitazama kwa huruma. "Kikubwa? Oveni hiyo. Nenda gereji."

Alimaanisha oveni ya kupigia rangi magari, na kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya moja, nikachukua bajaji hadi Ilala, kwenye gereji niliyoelekezwa. Oveni yao ilikuwa kontena la futi 40, taa za mirija kwenye kuta na feni kubwa mwishoni. Walikuwa wamemwaga maji sakafuni kushika vumbi. Ndani kulikuwa na gari dogo limefunikwa magazeti, na fundi rangi aliyekuwa anatembea ubavuni mwake kinyumenyume, mkono ulioshika gani ya rangi ukienda sambamba na mlango, hausimami, unaachia kila unapopita ukingo. Kwa mkono huo ningelipa kiingilio. Mdomoni alikuwa amejifunga fulana.

Akatoka, akaifungua, akachukua pakiti ya maziwa iliyokuwa kwenye kivuli, akainywa yote bila kupumzika.

"Yanaosha kifua," akaniambia. "Na wewe ukimaliza kupiga, piga maziwa."

Imani hiyo nimeikuta kwa wapaka rangi, wachomeleaji na wasaga nafaka, na sijui nani aliianza, maana maziwa yanakwenda tumboni na rangi imekwenda mapafuni. Rangi ya gari ya kuchanganywa na hadna ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, zinazoweza kumpa fundi pumu, na ubaya wake hazitoi harufu ya kukuonya mapema. Ndiyo maana kwenye karakana zenye vifaa kamili mpigaji huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nilimwambia hivyo, taratibu, kwa sababu yeye ndiye fundi na mimi nachezea vigari. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza hiyo kofia bei gani, na hapo mazungumzo yakaisha yenyewe.

Kuna jambo lilinijia nikiwa nimesimama pale. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1880 alitengeneza kipulizia dawa kwa ajili ya wagonjwa wake wa koo. Mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza baadaye kuwa gani ya rangi. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya koo, na yule fundi kajifunga fulana.

Fundi akanionyesha mwisho wa kontena, nyuma ya vichujio. "Sisi tunavuta kwa ile. Kwa kitu chako cha mezani tafuta blowa ya konokono. Gerezani zipo."

Kwa hiyo saa sita mchana, jua la utosi, ndipo nikafika nilikotakiwa kuanzia. Gerezani unaisikia kabla hujaiona. Nyundo juu ya bati, msumeno kwenye chuma, grainda, na katikati yake mtu anauza miwa. Vibanda vimebanana, kila kimoja kimejaza bidhaa yake njiani: majiko, mabeseni, ndoo, makarai, milango ya geti. Niliuliza blowa, nikapelekwa kwa muuza vitu vya mitumba aliyekuwa nazo sita, kila moja imejikunja kama konokono, mdomo mmoja ubavuni na mmoja mbele, na mota inaning'inia nje ya gamba. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka bila kujua jina lake. Hewa inapita ndani ya konokono, mota inabaki nje, haionji thina. Niliyochagua ilikuwa ya wati 150, mizunguko 2,800 kwa dakika. Kwa mita za ujazo, muuzaji akasema "nyingi."

Fundi bati niliyempata alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua nyundo. Nikamfungulia daftari. Akaliangalia kabati langu, akaligeuza juu chini, akalirudisha.

"Upepo unapita wapi?"

Nikamwonyesha tundu la nyuma, katikati.

"Hapo unatokea. Nimekuuliza unapita wapi."

Sikuwa na jibu. Akaita kijana wake, wakachukua boksi la katoni, wakakata mdomo kwa vipimo vyangu, wakatoboa nyuma, wakafunga blowa kwa kamba na kuiunga umeme. Kisha mzee akachana kipande cha trei la mayai, lile la karatasi tunalochoma usiku kufukuza mbu, akakiwasha, akakizima mwali, akakileta mbele ya mdomo wa boksi. Katikati moshi ulinyooka kama uzi hadi tunduni. Akausogeza kona ya juu kushoto. Moshi ukajikunja, ukazunguka mara mbili, ukatoka tena kuja kwetu kana kwamba umesahau kitu. Kona ya chini, vilevile. Nikaikumbuka tishu ya Kariakoo. Tishu ingenata pale katikati na mimi ningefurahi.

Mzee hakutaka feni kubwa zaidi. Alitaka mambo mawili. La kwanza, nipunguze mdomo. "Pumzi ikiwa ndogo, unabana midomo," akasema, akabana yake kunionyesha. Kutoka 60 kwa 45 tukashuka hadi 50 kwa 40, na hesabu yangu ikashuka nayo kutoka 490 hadi 360 kwa saa. Land Rover haina haja ya uwanja. La pili, akakata bati la pili dogo kidogo kuliko ukuta wa nyuma, akalisimamisha mbele ya tundu, limeachana na ukuta kwa vidole vitatu, na pembeni kote nafasi ya kidole kimoja. Ukuta wa uongo. Hewa haiwezi tena kukimbilia katikati, inalazimika kuingia kwa kingo zote nne. Kichujio kingekaa mbele yake.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtazama akifanya kazi. Alichora kwa msumari na kipande cha mbao, hakutumia penseli mahali popote. Mkasi wake ulikuwa na mpini mmoja ulioingizwa kwenye gogo, ule wa pili mrefu akaukandamiza kwa nyonga, mikono yote miwili ikawa huru kulisha bati. Kingo alizikunja mara mbili, kwanza robo, halafu akazigonga zikalala, ndipo akapitisha kidole chake juu yake polepole na kunipa ishara nami nipitishe changu. Hakukuwa na wembe. Bomba alilitengeneza la inchi 6. Nilimwambia la plastiki la inchi 4 ni rahisi kupata. Akatikisa kichwa: hewa nyingi kwenye bomba jembamba inakimbia, inapiga kelele, inachoka. Baadaye nilipiga hesabu yake kwenye basi. Hewa ileile ya mita 360 kwenye inchi 4 ingetakiwa kukimbia zaidi ya mita 12 kwa sekunde. Kwenye inchi 6 inatembea mita 5 na kidogo. Mzee hakuwa na daftari.

Saa kumi trei la mayai likarudi. Kona ya juu kushoto moshi ulilala, ukateleza ukutani, ukaingia ufa. Kona nyingine, hivyohivyo. Nikasema, zaidi kwa nafsi yangu, "Dohani."

"Ulifikiri nini?" akaniuliza mzee.

Nililipa 70,000 kwa kazi na bati, baada ya kuomba apunguze na yeye kunionyesha blowa niliyoinunua kwa 95,000 bila kuuliza mara mbili. Kupita ukaguzi wa stesheni na dude la bati lenye pembe nane sikutaka hata kujaribu. Guta likanipeleka hadi kwenye mabasi, kondakta akadai nauli ya mzigo, akauliza ni tanuri la mikate, nikaitikia. Foleni ya Kimara ikanipokea kama ndugu aliyekuwa na wasiwasi juu yangu.

Kufunga kulinichukua Jumapili mbili. Bomba linatokea dirishani kwa elbo moja tu, limeinamia chini ili mvua isiingie, upande wa migomba ambako hakuna dirisha la mtu. Taa nimeziweka nje ya kioo nilichokibandika juu ya kibanda kwa silikoni. Swichi iko mlangoni, mbali na thina. Nilipowasha kwa mara ya kwanza, mlango na dirisha la pili vikiwa vimefungwa ili vumbi lisiingie, konokono alilia kwa sauti nyembamba na moshi wa trei ukasimama palepale. Nilizunguka nusu saa nikitafuta kilichoziba. Mwishowe binti yangu akafungua mlango kuniita chakula, na moshi wote ukaruka kuingia kibandani. Chumba kilichofungwa hakina hewa ya kutoa. Sasa dirisha la mbali linakaa wazi, nimelifunga chandarua, na kumbikumbi wanatazama kutoka nje.

Barakoa yenye vichujio vya mkaa bado naivaa. Sponji la kibanda linashika chembe za rangi, mvuke linauacha upite, na mimi napenda uende kwenye migomba kuliko popote pengine. Rangi ya hadna sijaileta nyumbani na sitaileta.

Jumamosi iliyofuata nilipiga Land Rover koti la kwanza, nikangoja, nikapiga la pili. Mke wangu akaja na chai, akasimama mlangoni, akanusa kama alivyonusa ule wali.

"Mbona hujaanza?"

Nikamgeuzia gari. Kijani chote, pande zote, bado linang'aa umajimaji. Akaliangalia kwa muda, kisha akaniuliza kama kibanda hicho kinaweza kuingiza feni ya mezani.

Alipoondoka nikalisogeza kwenye taa. Kwenye pembe ya paa, upande wa abiria, chini ya makoti yote mawili, kuna mguu wa kumbikumbi ambao msasa haukuufikia. Umenyooka, na mapindo yake yanaonekana. Nikaliacha likauke.